Kisanduku cha osileta ya megahezi 10: joto halitulii

masafa_mafupi
Wakuu, osileta ya kristali (saketi ya masafa thabiti, ambayo huhama joto likiyumba) imo ndani ya kasha la aluminiamu la sm 12 × 8 × 5, nje nimezungushia stairofomu ya sm 4. Hita ni resista nne za omu 100, wati 5, zimeungwa sambamba kwenye volti 12. Thamostati ni ya relei, nimeiweka nyuzi 35. Usiku joto linapanda na kushuka nyuzi 2, mchana linapita 40 hata hita ikiwa imezima. Niongeze Peltier (kibamba cha umeme chenye upande wa baridi na wa moto) ya kupozea? Niko Mombasa.

lehemu60
Peltier achana nayo. Kwa unyevu wa Pwani, upande wa baridi utatoa jasho na maji yatadondokea bodi.

Kosa liko kwenye hiyo 35. Hita haipozi, kwa hiyo kiwango lazima kipite joto la chumba saa nane mchana *pamoja na* joto la osileta yenyewe. Stairofomu nene hivyo, wati 1 tu ya ndani inaweza kupandisha nyuzi 15 au zaidi. Weka 50.

Relei nayo ni washa yote, zima yote. Ndiyo hizo nyuzi 2 zako. Weka MOSFET (transista ya kuwasha hita kwa mipigo ya haraka) na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) yenye PI, yaani programu inayoongeza au kupunguza nguvu ya hita kidogo kidogo. Thamista (resista ya kupimia joto) ya kilo-omu 10 (B 3950, namba ya jinsi inavyobadilika na joto) kwa nyuzi 50 inasoma kama kilo-omu 3.6, iunge mfululizo na resista ya kilo-omu 3.6 ya filamu ya metali. Ya kaboni itahama na joto nawe utadhani kristali ndiyo imehama.

Thamista imeninginia hewani? Igundishe kwenye aluminiamu, karibu na resista. Hewa inachelewa kupata habari, hita inapitiliza.

waya_mwembamba
Naafiki, ila mipigo ya MOSFET itavuja kwenye ugavi wa osileta. Waya wa kurudishia umeme wa hita upeleke peke yake hadi kwenye betri. Ukitaka usafi zaidi, acha mipigo: transista ya TIP122 ifungwe kwa skrubu kwenye kasha, na kipande cha mika (cha kuzuia umeme) katikati, iendeshwe na LM358 (chipu ya kukuza ishara). Hapo transista nayo ni hita.

Nyaya za kutoka nje ziwe nyembamba, zizungushe ndani ya stairofomu kabla hazijaingia. Shaba nene inatorosha joto.

masafa_mafupi
Thamista kweli iko hewani. Na hita ikikwama imewaka?

lehemu60
MOSFET ikiungua mara nyingi inabaki inapitisha. Unga swichi ya joto ya nyuzi 65 mfululizo na hita, maana stairofomu inaanza kulegea kwenye 75 hivi.