Nimepewa kazi ya msimu wa theluji kwenye shale Ufaransa, niende au nibaki na godauni langu?

Binti_Makadara:
Asalaam aleikum na habari za saa hizi wakuu. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa ajira za Ulaya, kule mtu anaambiwa "nenda usilaze damu" halafu basi, hakuna anayeeleza.

Nina miaka 23, mzaliwa wa Mombasa, nililetwa Sweden nikiwa mdogo na paspoti ninayo ya hapa. Sasa hivi nafunga mizigo kwenye godauni moja nje kidogo ya Malmö, hela si mbaya ila zamu za usiku zimenimaliza. Kuna kampuni ya Waingereza inakodisha shale (zile nyumba za mbao za mlimani, watalii wanakaa wiki, wanapikiwa na kufanyiwa usafi humohumo) kule Val d'Isère, wakanipigia video tukaongea, siku ya pili tu wakasema nimepita. Ni mwanzo wa Desemba hadi karibu mwisho wa Aprili. Kazi ni kupika chai ya asubuhi, kuoka keki ya saa kumi jioni, chakula cha usiku kozi tatu, na usafi wa vyumba, wageni kumi na kitu, tunakuwa wafanyakazi wawili. Wao wanatoa pa kulala, msosi, nauli kwenda na kurudi, pasi ya msimu mzima ya lifti (zile za kukupandisha mlimani) na vifaa vya skii, yaani vya kuteleza kwenye theluji.

Sasa mshahara unaobaki mkononi ni kama nusu ya ninachopata hapa, hapo ndo kichwa kinaponigonga. Halafu mama anasema hakunisomesha nikawe mboi wa Wazungu. Halafu mimi ni Muislamu, nimewaomba menyu wakanitumia, asubuhi bekoni, usiku mvinyo unawamiminia wageni mezani. Na skii sijawahi kuvaa hata siku moja, msinicheke, Malmö theluji yenyewe ni ya kubahatisha.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Nyundo_ya_Chuma:
Kazi ya kudumu unaiachaje kwa kibarua cha miezi mitano dada? Aprili ikiisha unarudi kwa nani? Mimi nasema kaa hapo hapo godauni, omba tu wakutoe zamu za usiku.

kipusa wa bara:
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

Mpishi_wa_Savoie:
Mdogo wangu mimi nimefanya hizo kazi bonde hilohilo misimu kadhaa, jikoni na kwenye shale, kwa hiyo ngoja nikwambie ilivyo bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hiyo ni kazi ya kupika na kusafisha vyoo, skii ni bakshishi. Saa moja kasoro asubuhi kuko giza, unatoka chumba cha wafanyakazi unatembea kwenye barafu hadi shale, unawasha oveni, unapika uji wa oti na mayai, unatandika meza, wageni wanashuka mmoja mmoja na soksi zao, huyu anataka mayai ya kuvuruga, yule hali ngano, mtoto analia. Wakishatoka kwenda mlimani unaosha vyombo, unatandika vitanda, unasugua bafu, unaoka keki unaiacha mezani, ikifika saa tano hivi uko huru hadi jioni. Hapo katikati ndo unapanda lifti. Jioni unarudi, unamaliza saa nne usiku au zaidi kama wageni ni wa kupiga stori. Jumamosi usiiulize, asubuhi kundi moja linaondoka na kabla ya jioni jingine limeingia, na katikati hapo nyumba nzima inageuzwa, mashuka yote, taulo zote, jiko lote, hakuna skii siku hiyo. Krismasi, mwaka mpya na likizo za shule za Februari ndo unaujua mwili wako umeumbwaje.

Sasa hela. Usilinganishe mshahara kwa mshahara, linganisha kinachobaki. Kule hulipi kodi ya nyumba wala chakula wala basi la kwenda kazini. Wapo waliorudi na akiba na wapo waliorudi na deni, tofauti ni baa tu, maana vijana wa msimu wanakunywa kila usiku na bia ya mlimani bei yake utafikiri imebebwa mgongoni.

Kabla ya kusaini uliza mkataba ni wa Kifaransa au wa wapi. Kama ni wa Kifaransa kuna kima cha chini, tangu Novemba 2024 kilikuwa yuro 11.88 kwa saa kabla ya makato na huwa kinapanda, wiki ya kawaida ni saa 35, zikizidi zinalipwa kwa nyongeza, na kwa kawaida wiki moja isizidi saa 48. Wana haki ya kukukata kiasi cha malazi na chakula, kwa hiyo ile "bure" yao mara nyingi ishaondolewa kwenye mshahara, waambie wakuandikie wanakata kiasi gani. Na saa za kazi waandike kwa tarakimu, ukiona neno "inavyohitajika" ujue hapo ndo pa kukaba.

Kamanda_Munich:
Mkuu Mpishi, mimi nipo Ujerumani na permiti ya kazi ya hapa, naweza kuruka huko msimu mmoja?

Mpishi_wa_Savoie:
Hapana kamanda. Hiyo permiti inakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zisizokaguana mipakani) siku 90 ndani ya siku 180, kutembea sio kuajiriwa. Hata Waingereza wenyewe wamebanwa, zamani vijana wao walikuwa wanakuja tu na begi mgongoni, lakini kuanzia Januari 2021 Brexit, kule kujitoa kwao Umoja wa Ulaya, ikafunga huo mlango, anatakiwa awe na kibali. Ndo maana kampuni zao siku hizi zinawinda watu wenye paspoti za Umoja wa Ulaya.

Na Binti hapo ndo nataka usikie vizuri. Wewe sio kwamba umeonewa huruma ukapewa kazi. Umepita siku ya pili kwa sababu ile paspoti yako ya Sweden ndo wanayoitafuta usiku na mchana. Kwa hiyo una nguvu ya kusema hiki nafanya, hiki sifanyi, ila useme SASA, sio Januari ukiwa umeshafika.

Kijana wa Temeke:
Wakuu mimi nipo Dar, nina diploma ya hoteli na nimepika Zanzibar kwenye hoteli ya kitalii, kuna jamaa WhatsApp anasema anapeleka watu hizo kazi za theluji, anataka laki nane ya kuanzia, visa atashughulikia yeye. Vipi?

Kamanda_Munich:
KIMBIA. Mwajiri wa kweli hakuombi hela ya kukuajiri.

Mpishi_wa_Savoie:
Dogo wa Temeke hiyo laki nane nunua kitu kingine. Kutoka Tanzania unahitaji visa ya kazi na mwajiri ndo anaanza kuomba kibali huko Ufaransa, sio jamaa wa WhatsApp, na kampuni hizi za shale wengi hawajisumbui kabisa na hiyo shughuli.

MamaZubeda:
Mwanangu Binti, mimi ni umri wa mama yako kwa hiyo nitasema kama yeye halafu nitampinga kidogo. Kumpikia mtu na kumtandikia kitanda si fedheha, mimi nimesomesha watoto kwa kazi hiyohiyo. Linaloniuma ni hilo la mvinyo na nguruwe. Kupika bekoni huili ni jambo moja na wengine watakwambia dharura, lakini kumimina pombe kwa mkono wako kila usiku miezi mitano, hapo muulize mtu wa elimu unayemwamini usitusikilize sisi. Kwani hapo kazi ni hiyo moja tu? Hawana kazi ya usafi peke yake, au kulea watoto?

Na umefikiria Ramadhani? 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, ndo likizo za shule hizo alizosema Mpishi. Jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, futari inakukuta umesimama jikoni unapangia watu vitafunio.

Mpishi_wa_Savoie:
Mama umenena. Kazi zipo, kuna wafanya usafi tu, kuna yaya wa watoto, kuna madereva, kuna waosha vyombo hotelini. Na kwenye shale yenyewe mkiwa wawili mnaweza kugawana, mwenzako anabaki na vinywaji wewe unabaki na jiko, nimeona mmoja aliyekuwa hagusi pombe kabisa na hakuna mgeni aliyejua. Futari tia tende mfukoni na maji, dakika mbili zinatosha, kisha ukimaliza kazi ndo ule kwa nafasi.

Halafu la jikoni, Val d'Isère iko mita 1850, karibu sawa na Nairobi. Kama una shangazi Nairobi muulize maharage yanachukua muda gani. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, mayai yanachelewa kuiva, na keki inapanda haraka halafu inatumbukia katikati kama ulitumia resipe ya Malmö ambayo iko usawa wa bahari. Punguza baking powder, ongeza maji kidogo, ioke kwanza ya majaribio kabla ya wageni kufika.

kipusa wa bara:
Kwani sisi na skii wapi na wapi jamani 😂

Kamanda_Munich:
Philip Boit alishaenda Olimpiki ya msimu wa baridi Nagano 1998 kuiwakilisha Kenya kwenye skii, akamaliza wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Na Sabrina Simader alikuwa Olimpiki ya Pyeongchang 2018, mzaliwa wa Kilifi kabisa, jirani ya Binti. Acha kutudharau.

Nyundo_ya_Chuma:
Sawa lakini bado hamjanijibu Aprili anarudi kwa nani.

Binti_Makadara:
Kaka Nyundo umenifikirisha, leo nimemuuliza bosi kama naweza kupewa likizo bila malipo, kasema ataangalia, hajakataa. Jioni nimewaandikia wale wa kampuni: mvinyo simimini, nipeni jiko au nipeni watoto, na nitumieni mkataba wenye saa na makato. Wamejibu haraka ajabu, kwamba mwenzangu atashika vinywaji bila shida yoyote, mkataba unakuja wiki hii. Bekoni wamesema bado ni yangu, hapo MamaZubeda nitakutafuta inbox. Mama mzazi bado hajanisemesha vizuri.

Mpishi, nibebe nini? Na hiyo skii nitajifunzaje?

Mpishi_wa_Savoie:
Skii anzia pale chini kijijini kwenye viteremko vya wanaoanza, lipia masomo machache ya mwalimu, usikubali kufundishwa na marafiki, watakupeleka juu siku ya kwanza halafu wakuache. Njia za kijani ndo rahisi, kisha bluu, nyekundu, nyeusi, ila Val d'Isère watu wengi wanalalamika kijani cha pale kwingine kingeitwa bluu, usijidharau ukianguka. Goti ndo linaloharibika sana, kwa hiyo uliza bima yao inalipa uokoaji mlimani na kama ukiumia mshahara unakuwaje. Nje ya njia zilizowekwa alama usiende na watu wa kujifanya wanajua, maporomoko ya theluji yanaua kila mwaka.

Kubeba: viatu vyenye soli ya kushika barafu, hivyo ndo vya kwanza maana wafanyakazi wengi wanateguka wakienda kazini sio wakiteleza. Mafuta mazito ya ngozi, hewa ya kule inakausha na jua la juu ya theluji linaunguza hata sisi weusi, paka na kinga ya jua. Nywele suka kabla hujaondoka na suka bapa, mafundo makubwa hayaingii kwenye helmeti. Treni inaishia Bourg-Saint-Maurice, pale unapanda basi, ukiwa na kichefuchefu kaa mbele maana kona ni nyingi. Mkataba ukifika futa jina lako utubandikie hapa tuusome.