Mume wangu hununua vinavyodumu, mimi hununua vinavyoliwa: tupange vipi uwekezaji wa miaka 15?

MamaDonholm aliuliza:

Hamjambo wote. Mimi na mume wangu tunaishi Donholm, Nairobi, na watoto wetu wawili. Mimi ni mhasibu katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, kwa hiyo mshahara wangu unajulikana kabla haujaingia, tena baada ya kukatwa kodi, SHIF (bima ya afya ya jamii) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 na NSSF (akiba ya uzeeni). Mume wangu anauza vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, na mapato yake huja kwa kishindo mwezi mmoja, kisha yakanywea mwezi unaofuata.

Tulipooana tuliona ni busara mimi nishughulikie mambo yasiyoweza kusubiri, yaani chakula, karo, umeme, gesi na mshahara wa dada wa kazi, naye alipe kodi ya nyumba na kinachobaki akiwekeze. Mpango huo haujawahi kutuletea ugomvi. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba leo kuna ploti mbili kule Joska, zote kwa jina lake, nami nina kabati lililojaa risiti za duka na stakabadhi za shule. Hafichi kitu na simshuku, lakini sasa tumekubaliana kuanza uwekezaji wa pamoja wa miaka 15, hadi kifungua mimba wetu atakapokuwa amemaliza chuo, na hapo ndipo tumekwama. Yeye anataka ploti ya tatu, mimi nataka hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Ningependa kusikia jinsi wenzetu walivyopanga ili wote wawili wawe wamiliki na chakula cha kila siku kisiyumbe.

Mkopesha_Serikali alijibu:

Dada, tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hubishana kuhusu ploti na hatifungani bila kuweka tarakimu mezani. Mkiweka shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 15, mtakuwa mmetoa milioni 1.8. Zikipata asilimia 10 kwa mwaka baada ya kodi, na riba yote ikirudishwa kazini, mtakuwa na takriban milioni 4.1. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5, ambayo ndiyo katikati ya lengo la Benki Kuu, milioni hizo 4.1 zitanunua kile ambacho milioni 2 hununua leo. Si haba, ila si utajiri, na ni vyema nyote wawili mjue hivyo mapema.

Maneno ya kuzingatia hapo ni "riba yote ikirudishwa kazini". Hatifungani hulipa riba kila baada ya miezi 6 moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, na isipopangiwa kazi italiwa. Nimeona nyumba ambazo riba ya Januari huishia kwenye karo mwaka baada ya mwaka, kisha wenyewe wanashangaa kwamba mtaji haukui. Kwa hiyo fungueni akaunti katika hazina ya soko la fedha (money market fund), mfuko wa akiba za watu wengi unaowekezwa kwa muda mfupi, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nyingi hukubali akaunti ya watu wawili, na riba huongezwa kwenye akiba ingawa hukatwa kodi ya asilimia 15. Riba za hatifungani ziingie humo, michango ya kila mwezi iingie humo, na zikitimia 50,000 mnanunua hatifungani ya kawaida, au 100,000 ikiwa ni ile ya miundombinu, ambayo riba yake haikatwi kodi. Hatifungani nyingine hukatwa asilimia 15, au asilimia 10 ikiwa muda wake ni miaka 10 au zaidi.

Pia msipange maisha kwa riba ya mwaka mmoja. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu ilitolewa kwa asilimia 18.46, na bili za hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zilikaribia asilimia 16 mwaka huo huo. Mwaka 2025 bili hizo zilikuwa chini ya asilimia 10. Aliyejifungia riba ile anaendelea kuifurahia, lakini aliyepiga hesabu ya miaka 15 akidhani itarudi kila mwaka alijidanganya.

Kila_Mtu_Na_Wake alijibu:

Mimi naona mnajitafutia kesi bure. Kila mmoja awe na Sacco yake (chama cha akiba na mikopo) na akaunti yake, mkutane kwenye karo na kodi ya nyumba. Mkopo wa mara tatu ya akiba ukihitajika, kila mmoja akope kivyake.

WakiliMstaafu alijibu:

Ndugu aliyetangulia ana haki ya kuishi hivyo, ila katika hali ya dada huyu ushauri wake unamwacha mke pabaya zaidi, kwani akaunti yake ndiyo inayomwagikia jikoni.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba mchango si fedha pekee. Kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na kilimo vyote vimetajwa. Mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba anamshikia mwenzake amana, na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kwamba hisa zao ni sawa, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kupinga. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kugawana nusu kwa nusu hakuji kwa sababu tu watu wameoana. Kila mmoja anapaswa kuonyesha mchango wake. Kwa hiyo lile kabati la risiti usilichome.

Ploti ya tatu ikinunuliwa, iandikwe kwa majina yote mawili, na mwelewe mnachoandika. Mkiwa wamiliki wa pamoja bila mafungu, mmoja akifariki mali inabaki kwa aliye hai. Mkiandika kila mmoja na fungu lake, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Wengi hutia sahihi bila kuuliza, na tofauti hugunduliwa na mjane mbele ya msajili wa ardhi.

MamaDonholm alijibu:

Nashukuru. Nilimsomea mume wangu majibu haya jana usiku. Kuhusu majina hana pingamizi, na amesema hata zile ploti mbili tutaulizia gharama za kubadilisha hati. Anachokataa ni kiwango kimoja cha kila mwezi. Anasema mwezi ambao mzigo umefika, kila shilingi iko dukani, na kumlazimisha atoe 10,000 ni kumfanya akope.

Mke_wa_Gikomba alijibu:

Shemeji ana hoja, na sisi wa biashara tunaijua. Mume wangu anauza nguo Gikomba. Hatuna kiwango, tuna asilimia ya faida ya mwezi. Mwezi mzuri fedha nyingi huenda kwenye mfuko wa pamoja, mwezi mbaya huenda kidogo, na mwezi wa hasara haiendi hata senti, lakini hesabu ya duka lazima ifunguliwe mbele yangu. Hilo la mwisho lilichukua muda kuzoeleka kuliko kutoa fedha zenyewe.

Jambo la pili ambalo ningewaomba mlibadilishe ni ule mgawo wenu wa matumizi. Maadamu wewe unalipa vinavyoliwa peke yako, hutakuwa na cha kuchangia, hata mkiandika majina yote duniani. Mwambie achukue karo, hata kama ni ya muhula mmoja kwa mwaka, ule unaoanguka baada ya msimu wake mzuri ikiwa anao, nawe upeleke kiasi hicho kwenye mfuko kutoka kwenye mshahara wako usiotikisika.

Na kila mmoja afungue akaunti yake ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hatifungani, kwenye simu yake mwenyewe, mnunue kwa zamu, na mwenzako ajue ni hatifungani ipi na riba yake inaingia benki gani. Baba mkwe wangu aliacha hisa ambazo mama alizijua tu pale barua ilipofika, na gawio lake lilikuwa tayari limepelekwa kwa UFAA, ile mamlaka inayoshikilia fedha zisizodaiwa. Tulizipata, lakini baada ya kuzunguka sana na hati za mirathi.

Kuhusu ploti dhidi ya hatifungani, mwacheni anunue hiyo ya tatu akipenda, ila baada ya mfuko kufikia hatifungani ya kwanza, na baada ya kupekua hati katika ofisi ya ardhi. Joska kuna ploti nyingi na wauzaji wengi kuliko wenye hatimiliki.