Tupeane uzoefu: ukirudi kazini mtoto mchanga unamwacha na nani? (Kigoma)

Mama K, Mwanga
Wapendwa habari zenu. Likizo yangu ya uzazi inaelekea ukingoni, zile siku 84 zinakimbia jamani, na mtoto bado ananyonya tu hajaanza kula. Bibi yake yuko Kasulu, hawezi kuja kukaa huku. Sheria inaniruhusu kutoka kwenda kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku, kwa hiyo natafuta sehemu karibu na kazini. Wengine wananiambia dada wa kazi, wengine kituo cha kulelea watoto. Mliopitia, mliangalia nini mpaka roho ikatulia? Bei nitauliza mwenyewe.

Mama Wawili, Gungu
Hongera kwa mtoto, mdogo wangu. Mimi nakwambia nenda saa saba mchana bila kupiga simu, usiende asubuhi, asubuhi kila kituo ni kizuri, watoto wametoka kuogeshwa kwao na walezi bado wana nguvu. Kuna kimoja nilienda kimepakwa rangi, bembea zipo, nikakuta watoto wamewekwa mbele ya tivii na kachanga kamoja kanalia pampasi imejaa mpaka imelowanisha nguo, dada yupo palepale na simu wala hainui kichwa. Nikaondoka. Nikaenda kingine, nyumba ya kawaida tu, sakafu ya simenti na mikeka, lakini nimemkuta mlezi kamchukua mtoto mapajani anamlisha uji anaongea naye na mtoto akiguna anamjibu, yaani wanapiga stori kabisa! Nikakaa pale mpaka watoto wakalala. Niliuliza kila mlezi ana watoto wangapi, nikauliza na wachanga ni wangapi, maana mtu mmoja na wachanga watano hata awe na moyo gani atawabeba saa ngapi? Wangu wote wawili wamekulia hapo.

Baba J, Kibirizi
Naomba na akina baba tuchangie. Mke wangu anafanya kazi ya dagaa mwaloni, mtoto alipoanza kutambaa ikawa haiwezekani tena kukaa naye pale, jua kali na ziwa hili hapa. Sisi tuliangalia geti na maji. Geti linafungwa? Pipa na ndoo zina mifuniko? Mtoto anayetambaa ndoo tu inamtosha kuzama. Maji ya kunywa yanachemshwa? Huku kwetu kipindupindu tunakijua, sio jambo la kuonea aibu kuuliza. Na tulikubaliana anayemchukua mtoto ni mimi au mama yake basi, siku nilimtuma mdogo wangu wakamkatalia mpaka wakanipigia, nilifurahi sana.

Shangazi Ujiji
Kituo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo. Omba uone cheti, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unaweza kumuuliza, hiyo ndo kazi yake. Ila cheti ukutani hakibembelezi mtoto, aliyosema Mama Wawili uyafanye pia.

Mama Z, Katubuka
Mimi nina dada wa kazi. Niliangalia umri kwanza, chini ya miaka 14 hata kisheria hairuhusiwi, na mtoto hawezi kulea mtoto mwenzie. Nikaomba ruhusa kazini nikakaa naye nyumbani kwanza, naona anavyombeba, anavyonawa mikono baada ya kumsafisha. Mshahara simcheleweshei na Jumapili anapumzika, mtu aliyechoka na ana kinyongo hawezi kumvumilia mtoto anayelia. Mtoto akibadilika ghafla, akawa anamkwepa au ana alama mwilini, usisubiri, namba 116 ya msaada kwa watoto unapiga bure.

Mama K, Mwanga
Asanteni sana jamani. Kuna kituo jirani na kazini, kesho saa saba natokea pale sijamwambia mtu. Swali lingine, maziwa nikiyakamua wampe kwa chupa au?

Mama Wawili, Gungu
Kikombe kidogo dada, chupa na chuchu yake kusafisha vizuri ni kazi. Nenda na kikombe chake chenye jina, na mara ya kwanza mwambie mlezi ampe wewe ukiwepo uone anavyomkalisha.