Uhandisi wa umeme au wa elektroniki na mawasiliano: niombe upi?

Swali
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na katika kuomba chuo nimekwama kati ya uhandisi wa umeme na uhandisi wa elektroniki na mawasiliano. Baba yangu, ambaye ni fundi wa kufunga nyaya majumbani, anasema umeme ni umeme tu, ilhali mimi napenda zaidi kufungua redio na kulehemu vifaa vyake. Tofauti hasa ni ipi?

Jibu la 1
Marahaba. Mwaka wa kwanza hutaiona sana, kwa kuwa hesabu na saketi ni zile zile. Baadaye mhandisi wa umeme hujikita katika nishati yenyewe: inavyozalishwa, inavyosafirishwa na inavyopozwa, yaani kushushwa volti, hadi kumfikia mteja kwa volti 230. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, husafirishwa hadi Chalinze kwa kilovolti 400, kwa sababu ukipandisha msongo (volti) mara 10, mkondo hupungua mara 10 na upotevu katika waya hupungua mara 100. Mwenzake wa elektroniki hutumia volti chache tu kubeba taarifa, iwe sauti, picha au vipimo. Kwa maelezo yako, wewe ni wa huko.

Jibu la 2
Mkuu hapo juu ameeleza vizuri, ila hitimisho lake silikubali. Mimi nilisoma elektroniki nikidhani nitashinda karakana, kumbe sehemu kubwa ilikuwa hesabu za mawimbi, na wenzangu kadhaa waliopenda redio kama wewe walichoka mapema. Isitoshe, mpaka wenyewe umefifia: inveta ya paneli za jua (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa gridi) na mfumo unaoendesha mota za treni ya umeme ya SGR ni elektroniki inayobeba nishati kubwa, na mara nyingi somo hilo hufundishwa ndani ya uhandisi wa umeme. Kwa hiyo usichague kwa jina la kozi. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne, kisha uhakikishe kwamba shahada hiyo inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Hesabu hazinitishi, lakini hiyo ya inveta sikuijua kabisa. Leo nitazipitia orodha hizo pamoja na baba.