Tupeane uzoefu: Safari za kipupwe kuanzia Dodoma, uende wapi, mwezi gani, na nini kwenye begi

Wakuu, Juni inabisha hodi na maswali yameanza. Dodoma kuna baridi kweli? Maua ya hifadhi ya Kitulo nitayakuta? Kolo, kwenye michoro ya miambani, gari dogo linafika? Uzi huu ni wa wanaozijua njia hizi. Ombi ni moja: leteni vipimo, saa na sababu. Ukimwambia mtu "kuna baridi sana" hujamsaidia kufunga begi.

Naanza na msingi. Kipupwe ni Juni, Julai na Agosti. Jua linakuwa limehamia kaskazini ya ikweta, na pepo za kusi zinaleta hewa ya baridi kutoka kusini-mashariki. Hewa hiyo inamwaga unyevu wake kwenye milima ya mashariki, na ikifika Ugogoni, yaani huku Dodoma, imeshakauka. Usiku anga halina wingu, kwa hiyo joto lote ambalo ardhi ililipata mchana linapotea juu. Matokeo yake, Julai Dodoma mchana ni nyuzi 26 au 27, na alfajiri ni 13 au 14. Mtu anayesoma "wastani nyuzi 20" anafungasha fulana, anashuka stendi ya Nanenane saa kumi usiku na kuanza kutetemeka. Usipange safari kwa wastani wa siku. Tafuta joto la chini kabisa la usiku, kisha mwinuko, kisha upepo.

Mwinuko una hesabu rahisi: kila mita 1,000 unazopanda, toa nyuzi 6 na nusu. Dodoma iko mita 1,100 na ushei, Iringa kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000, uwanda wa Kitulo ni 2,600. Ukianza na nyuzi 13 za alfajiri ya Dodoma, Iringa unapata kama 10, Njombe 7 au 8, Kitulo 3 au 4. Ni makadirio, lakini yanakutosha kujua ubebe koti au blanketi. Haya, karibuni.

Mpokea wageni, gesti ya Dodoma mjini

Hali ya hewa ya Juni ni nzuri, ila vyumba ni tatizo. Bunge la bajeti linakwenda hadi mwisho wa Juni, na wiki ya kwanza ya Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni. Anayetaka utulivu achague katikati ya Julai au baada ya tarehe 10 Agosti.

Unapopiga simu kuuliza chumba, usiishie kwenye bei. Uliza mablanketi ni mangapi kwa kitanda, kwa sababu gesti nyingi zinaweka shuka na blanketi moja jepesi. Uliza maji ya moto yanatoka kwenye hita ya umeme au ya jua. Kama ni ya jua, oga jioni. Alfajiri tangi limeshapoa, na huo ndio wakati unaoyahitaji zaidi. Uliza pia dirisha linatazama wapi. Upepo wa msimu huu unatoka mashariki na kusini-mashariki, na dirisha la upande huo lisilo na mpira linaingiza vumbi usiku kucha. Asubuhi utalikuta kwenye kizingiti, jekundu na laini kama unga wa mtama, unaweza kuandika jina lako kwa kidole.

Wenye pumu wabebe dawa yao ya kuvuta mkononi, isikae kwenye begi la chini ya basi. Hewa ni kavu mno: midomo inapasuka, na wengine wanatoka damu puani. Mafuta ya mgando kwenye midomo na kidogo ndani ya pua kabla ya kulala yanasaidia. Maji kunywa hata kama husikii kiu.

Dereva, njia ya Kondoa

Kwa michoro ya miambani ya Kolo, kipupwe ndio wakati wenyewe. Lami inafika Kondoa na kuendelea hadi Babati, na kijiji cha Kolo kiko barabarani, kaskazini ya Kondoa mjini. Hadi hapo gari lolote linafika. Shughuli inaanza ukiacha lami kuelekea Mungomi wa Kolo, kwenye michoro yenyewe. Kuna korongo la mchanga, halafu mawe na mwinuko. Wakati wa masika korongo linajaa maji na safari inaishia hapo. Kipupwe ni kavu, lakini mchanga mkavu nao unanasa. Weka gia ya chini na 4x4 KABLA ya kuingia, nenda mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati wala usisimame. Ukiona tairi linazunguka bila kwenda, acha mafuta papo hapo. Ukiendelea kukanyaga unazika ekseli. Beba sepetu na vipande viwili vya ubao.

Anzia ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Usipande bila yeye. Eneo lina mapango zaidi ya 150 yaliyotawanyika, limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na mengine bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji. Michoro usiiguse na usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Maji yanaiharibu.

Sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu. Asubuhi unaanza na sweta, ukifika juu unalivua, kwa hiyo vaa kitu chenye zipu mbele.

Mkulima wa viazi, Makete

Nimeona mtu anauliza maua ya Kitulo mwezi wa saba. Hapana, mkuu. Maua yanafuata mvua, na huku mvua ni kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Okidi na wenzake wanachanua zaidi Desemba mpaka Aprili. Ukija Julai unakuta uwanda wa nyasi za kahawia, mbingu ya buluu na njia kavu za kutembea. Ni pazuri, ila siyo ile "Bustani ya Mungu" ya kwenye picha. Kila safari ina mwezi wake: maua na matope ni Februari, matembezi na ukavu ni Julai.

Baridi sasa. Zile nyuzi 3 au 4 za hapo juu ni kwa mahali pa wazi panapopata upepo. Usiku mtulivu usio na wingu, hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni, na huko inashuka chini ya 0. Alfajiri majani ya viazi yanakuwa na chembe nyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa. Jua likishapiga yanageuka meusi na kulegea, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo anayelala kwenye hema asilipige bondeni karibu na mto kwa kufuata maji. Apande ubavuni, hata mita 30 juu panatofautiana.

Na hili naliandika kwa msisitizo. USIINGIZE JIKO LA MKAA KWENYE CHUMBA CHA KULALA. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, haamki. Mkaa uliogeuka majivu juu bado unaitoa. Oteni moto jikoni au nje, jiko libaki huko huko, kitandani nenda na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga.

Fundi magari, Dodoma

Anayepanda Kitulo na gari la Dodoma aangalie rejeta. Wengi huku tunaweka maji matupu. Juu kule yana hasara mbili. Usiku yanaweza kuganda, na barafu inapanuka, inapasua rejeta. Mchana, kwa mwinuko wa 2,600, maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye kama nyuzi 91, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kikiwa kimechoka injini inachemsha mapema mlimani. Weka kulanti na maji safi nusu kwa nusu, na badilisha kifuniko chenye mpira uliokakamaa. Betri yenye miaka mitatu ipimwe kabla, baridi ndiyo inayoiumbua.

Mnaobaki Dodoma, kung'uteni filta ya hewa mara kwa mara msimu huu.

Muuza mitumba, Sabasaba

Koti moja zito halishindi nguo tatu nyepesi. Ndani vaa inayobana, ya kati iwe sweta la sufu au lile la manyoya laini, ya juu iwe jaketi la kuzuia upepo. Jaribu jaketi hapo hapo sokoni: libane mdomoni, puliza kwa nguvu, weka kiganja upande wa pili. Ukisikia pumzi, upepo utapita. Pamba ikilowa jasho inabaki baridi mwilini, beba fulana ya kubadilisha. Mzula na soksi mbili, bei yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa.

Wa bodaboda wasisahau kwamba mwendo ni upepo. Nyuzi 10 ukiwa mwendo wa 60, mwili unaona kama 5.

Mwenye uzi

Kuna aliyeuliza hifadhi ya Ruaha. Juni hadi Oktoba ndiyo yenyewe, maji yanapungua na wanyama wanasogea mtoni. Kutoka Dodoma pita Mtera, panda Nyang'oro, lala Iringa. Asubuhi kwenye gari la wazi vaa kama unakwenda Njombe, saa tano utavua. Nguo za buluu na nyeusi ziache, zinavuta mbung'o. Chandarua bado kinahitajika.

Na wa zabibu: mavuno ya kiangazi ni Agosti na Septemba, nenda Hombolo au Mpunguzi. Siku chache kabla ya kuondoka sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), maana haya yote ni ya kawaida ya msimu na kila wiki ina yake. Aliyezoea njia ya Singida atuwekee habari za upepo wa kule.