Mjadala: Kwa anayejifunza kutunga gemu, video za kuirejea Pokémon Gold zinatosha, au lazima aicheze?

Mwanzisha mada, Makole

Wakuu, hoja hii inazunguka kati ya vijana wanaojifunza kutunga gemu hapa Dodoma, na tofauti ni kubwa kiasi cha kustahili kujadiliwa waziwazi. Upande mmoja unasema mashabiki wameshaichambua Pokémon Gold mpaka mfupa kwenye video za saa mbili na saa tatu, kwa hiyo kijana azitazame, aandike notisi, kisha aanze kuunda ya kwake. Upande wa pili unasema bila kuicheza hajajifunza kitu. Mimi niko upande wa pili, na sababu yangu kubwa ni saa.

Kwa wasioifahamu: Gold na pacha wake Silver zilitoka Japani Novemba 1999, Marekani Oktoba 2000, Ulaya 2001. Zilitengenezwa na kampuni ya Game Freak kwa ajili ya Game Boy Color, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ingawa zinacheza hata kwenye Game Boy ya kwanza ya 1989. Unasafiri, unakamata viumbe, unawakuza, unapambana. Ndani ya kaseti mna saa inayotembea hata ukiwa umezima. Asubuhi ya gemu inaanza saa kumi alfajiri, mchana unaanza saa nne, usiku unaingia saa kumi na mbili jioni. Kiumbe aitwaye Hoothoot anatoka usiku tu. Mwingine, Lapras, yuko chini kabisa ya pango la Union Cave siku ya Ijumaa, na ukimkosa unangoja Ijumaa nyingine.

Kwenye video, Ijumaa hiyo inapita kwa sekunde nne. Msimulizi anasema "nilirudi siku iliyofuata", picha inakatwa, Lapras huyo hapo. Mtazamaji anaelewa kuwa kuna saa, lakini hajawahi kungoja. Na kungojesha mtu siku sita bila kumchosha ndiyo kazi ambayo mtunzi anatakiwa kuijifunza.

Kuna jambo la pembeni ambalo sijaona likitajwa. Tokyo, kwa waliounda gemu hii, wakati wa baridi jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kiangazi linafika saa moja, kwa hiyo usiku wa gemu na usiku wa nje havielewani. Hapa Dodoma jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, mwaka mzima. Usiku wa kwenye skrini unatangulia kidogo, giza la nje linafuata. Saa ya gemu hii inatukaa sisi kuliko inavyowakaa waliounda.

Mchangiaji, Kisasa

Mkuu, hoja ya saa ni nzuri lakini hujagusa mahesabu. Kaseti ya Gold ina nafasi moja tu ya kusevu. Ukiwa na vijana ishirini na kaseti moja, wa pili akianza safari mpya na kusevu, kazi ya wa kwanza imefutika. Kila mmoja anahitaji kaseti yake, mashine yake na betri zake. Video moja na projekta moja inawatosha wote kwa mchana mmoja.

Pia kuna mambo ambayo kucheza hakuyafunui kabisa. Katika gemu za kizazi kilichotangulia, Red na Blue, kuna mbinu iitwayo Focus Energy. Maelezo yake yanaahidi kuongeza nafasi ya pigo la hatari, yaani pigo linaloumiza kuliko kawaida. Kosa la programu limeigeuza: nafasi inashuka hadi robo. Pia pigo lenye uhakika wa asilimia 100 linaweza kukosa mara 1 kati ya 256, kwa sababu mashine inachagua namba kati ya 0 na 255 kisha inauliza kama ni ndogo kuliko 255, badala ya kuuliza kama ni ndogo au sawa. Mtu anaweza kucheza saa mia moja asilijue hilo. Aliyetazama uchambuzi wa dakika kumi analijua, na siku akiandika kodi yake (maandishi ya programu) hatarudia kosa lile. Mwanafunzi wa kodi anahitaji nini zaidi?

Mchangiaji, Nkuhungu

Kaka wa Kisasa, kwenye kodi nakuunga mkono kabisa. Lakini gemu si kodi peke yake. Tumchukue Whitney, kiongozi wa tatu wa jimu (ukumbi wa mapambano) ndani ya Gold, mji wa Goldenrod, maana karibu kila video ya Gold inasimama hapo kulalamika.

Ana Miltank wa leveli 20. Pigo lake Rollout linaanza na nguvu 30, kisha kila zamu likipata linajizidisha mara mbili: 60, 120, 240, 480. Ukimjeruhi anatumia Milk Drink na kurudisha nusu ya uhai wake. Juu ya hapo ana Attract, inayomfanya kiumbe wa jinsia tofauti kushindwa kushambulia kama nusu ya zamu zake. Miltank wote ni majike, na viumbe watatu wa kuanzia nao wengi wao hutoka madume, hivyo mchezaji wa kawaida anafika pale na dume. Anapigwa mara tatu, nne. Video zinasema: mtihani huu hauna haki, watunzi walikosea.

Sasa angalia walichoweka karibu. Ghorofa ya tano ya duka kubwa la Goldenrod kuna mtu anayebadilishana: mpe Drowzee, anakupa Machop. Drowzee anapatikana Route 34, njia ya kusini uliyopita kuingia mjini. Machop ni wa aina ya Fighting, na Miltank ni Normal, kwa hiyo mapigo yake yanaumiza maradufu. Akifika leveli 13 anajifunza Karate Chop, ambayo katika Red na Blue ilikuwa ya aina ya Normal na humu ndimo ilipogeuzwa kuwa Fighting. Na Machop huyo wa kubadilishana ni jike. Attract haimgusi.

Jibu zima limewekwa mjini mle mle na watunzi hawakuliwekea mshale wowote. Anayepigwa na Miltank mara tatu anaanza kuzunguka mji akiuliza watu, na hapo anampata. Anayetazama video anaambiwa shida na jibu katika sentensi moja, au anaambiwa shida peke yake. Lile pengo kati ya kushindwa na kugundua halipo, na mtunzi anatakiwa kujua pengo hilo liwe refu kiasi gani kabla mchezaji hajaitupa gemu.

Halafu usahihi. Kuna maneno yanayorudiwa kwenye video hadi yamekuwa kama aya: kwamba Satoru Iwata aliibana Gold (kuipunguza ukubwa) peke yake, ndiyo maana ramani nzima ya Kanto, nchi ya gemu za Red na Blue, ikatoshea. Mahojiano yaliyotolewa na Nintendo wakati wa HeartGold na SoulSilver, matoleo mapya ya Gold na Silver, yanasema Iwata, enzi za Gold akiwa rais wa kampuni ya HAL Laboratory, alitengeneza zana ya kubana picha. Kwamba Kanto ilipatikana kwa sababu hiyo ni nyongeza ya wasimulizi, na mmoja anamnukuu mwenzake.

Mchangiaji, Ipagala

Mimi nichangie kwenye vifaa, kwa sababu mnasema "aicheze" kana kwamba kaseti iko tayari.

Saa mnayoisifu ndiyo inayoua betri. Ndani ya Gold kuna betri ya CR2025 ya volti 3, inayoshikilia sevu na kuendesha saa kwa pamoja. Kaseti ya mwaka 2000 ikiwa bado na betri ya kiwandani, ichukulie imekufa. Dalili yake: gemu inacheza vizuri, inasema imesevu, ukizima na kuwasha hukuti neno CONTINUE.

Kuibadilisha: skrubu yake si ya nyota, inahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Kama kuna sevu inayopendwa, itolewe kwanza kwa kifaa cha kusoma kaseti kama GBxCart RW au GB Operator, maana betri ikitoka tu sevu imekwenda. Nunua betri iliyokwisha kubandikwa masikio ya bati. Choma masikio, usichome betri yenyewe, inaweza kupasuka. Pasi ya kuchomea risasi iwe kama nyuzi 350, na kila sikio lipate sekunde mbili tatu, isizidi. Angalia alama ya + kwenye bodi kabla ya kuchoma, halafu pima kwa mita: betri mpya isome 3.0 au zaidi kidogo. Kubandika kwa selotepu ni kujidanganya, kaseti ikitikiswa sevu inapotea.

Kwa vumbi letu, meno ya kaseti yasafishwe kwa pamba za masikio na spiriti ya isopropili, yaachwe yakauke. Kupuliza kwa mdomo kunaacha unyevu, na unyevu unaleta kutu.

Mashine pia muangalie. Game Boy Advance na SP zinasoma kaseti za Gold. Nintendo DS haisomi, tundu lake la chini ni la kaseti za Advance tu. Na msichanganye Gold na Ruby, gemu ya Pokémon iliyofuata kwenye Advance: Ruby betri ikiisha sevu inabaki, kinachosimama ni mambo ya saa, na gemu yenyewe inakutangazia hivyo ukiwasha.

Mchangiaji, Area D

Emuleta je, yaani programu ya kompyuta au simu inayoiga Game Boy? Gemu nzima ni MB 2. Video ya saa mbili kwa 480p inakula kama GB moja ya bando. Yaani uchambuzi wake una uzito wa gemu mia tano.

Ila kwenye sheria tusijifiche. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, programu za kompyuta zimo ndani yake, na kazi iliyotoka 1999 bado inalindwa. Kupakua nakala mitandaoni hakugeuki kuwa halali kwa sababu ni darasa. Tatizo ni kwamba njia halali zimepungua: duka la mtandaoni la Nintendo 3DS, ambako Gold iliuzwa, lilifungwa tarehe 27 Machi 2023. Mwaka huo huo shirika la Video Game History Foundation lilionesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni, na kwa familia ya Game Boy zilizokuwa zinapatikana hazikufika asilimia 6. Kwa hali hiyo video inabeba kumbukumbu ambayo mwenye mali ameiacha.

Mwanzisha mada, Makole

Kumbukumbu, naam. Nisichokubali ni kuiita mbadala.

Mchangiaji, Kisasa

Nimesoma ya Nkuhungu kuhusu Machop mara mbili, na hapo nimesogea. Pendekezo langu sasa: wacheze kwanza hadi wamshinde Whitney, bila kuruhusiwa video hata moja. Wakishashinda ndipo waoneshwe uchambuzi wa pambano lile, kila mmoja akiwa na majeraha yake ya kulinganisha. Kodi na makosa ya namba vibaki kwa video.

Kuhusu kaseti moja, kifaa alichotaja Ipagala kinatatua. Sevu moja ni KB 32. Sevu za vijana ishirini ni KB 640, zinakaa popote. Akimaliza mmoja, sevu yake inasomwa na kuhifadhiwa, ya anayefuata inarudishwa.

Mchangiaji, Ipagala

Inawezekana, lakini kila faili lipewe jina la mtu na tarehe kabla ya kurudisha jingine, la sivyo mtaandikiana juu. Na kitufe cha kuharakisha kwenye emuleta kifungwe. Ukizidisha mwendo mara nne, lile pengo alilosema Nkuhungu limekufa tayari.

Mwanzisha mada, Makole

Nakubali utaratibu huo, na saa ya kaseti iwekwe sawa na saa ya ukutani siku ya kwanza. Vijana wanakutana Jumamosi. Kaskazini ya Goldenrod kuna National Park, na mashindano ya kukamata wadudu hufanyika Jumanne, Alhamisi na Jumamosi: unaingia na kiumbe mmoja, mipira 20, dakika 20. Atakayekuwa amefika pale kwa siku sahihi aachwe aingie bila kuambiwa lolote.

Mchangiaji, Nkuhungu

Na atakayefika Jumapili?

Mwanzisha mada, Makole

Mlinzi wa getini hatampa mashindano. Asubiri Jumanne.