MJADALA: Sifongo au tenofora, nani alijitenga kwanza kwenye ukoo wa wanyama?

Mleta mada: Wakuu, kiboko ana undugu na nani? Shuleni tulikariri nguruwe, kisa meno na miguu. Mwaka 1999 timu ya Nikaido na Okada kule Japani ikachunguza vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika ovyo kwenye kromosomu. Kiboko na nyangumi wana vipande vilevile, mahali palepale, nguruwe hana. Vijipachike mara mbili pamoja kwa bahati tu? Ngumu sana. Kesi ikaisha.

Sasa kesi kubwa. Tenofora ni vile vidudu vya baharini vinavyofanana na konyeza ila haviwashi; sifongo ni mnyama wa majini anayekaa amejishikiza sehemu moja. Mwaka 2023 Schultz na wenzake, kwenye jarida la Nature, walitazama makundi ya jeni yanayokaa kromosomu moja. Kwa sifongo, konyeza na sisi binadamu, baadhi yameungana na kuchanganyika. Kwa tenofora, na kwa viumbe wa seli moja walio jirani na wanyama, bado yako mbalimbali. Basi tenofora ndiye aliyetoka kwanza. Unga wa muhogo na mahindi ukishasagwa pamoja, nani atautenganisha?

Mchangiaji 1: Polepole mkuu. Tenofora ana neva na misuli, sifongo hana hata kimoja. Kwa hiyo neva zilizuka mara mbili, au sifongo alizitupa?

Mleta mada: Kutupa si ajabu. Mnyoo tegu hana utumbo, na mababu zake walikuwa nao.

Mchangiaji 2: Hapo umejifunga mwenyewe. Jeni nazo hutupa vitu. Binadamu na anemoni wa baharini wamebaki na introni (vipande vya DNA vinavyokatiza katikati ya jeni) nyingi mahali palepale, nzi kapoteza nyingi. Ukihesabu hizo tu, utasema sisi ni ndugu wa anemoni kuliko nzi. Uongo mtupu.

Mleta mada: Ndiyo maana introni sikuzitaja! Kupotea hutokea mara nyingi, kila ukoo kivyake. Kuchanganyika hakurudi nyuma.

Mchangiaji 1: Sawa, hakurudi. Lakini makundi yanayobeba hukumu yote ni machache mno, na tangu 2008 watu wanavutana kwa data nyingi kuliko hizo. Mimi hukumu ya vibaba vichache vya unga siinunui.

Mleta mada: Haki yako. Niletee sifongo mmoja tu ambaye makundi hayo hayajaungana, nahamia upande wako leo hii.